Monoreli ya bure Disney World: inakufikisha wapi, na wapi utashuka upande basi



Kila likizo za shule zikikaribia hapa Marekani napata simu na meseji za ndugu wanaotaka kupeleka watoto Disney World, kule Florida. Wengine wanashuka kutoka majimbo ya baridi, wengine wanakuja kabisa kutoka nyumbani na hela ya kuhesabu. Swali la kwanza huwa bei ya tiketi. La pili ndilo nataka kulijibu leo kwa kirefu: eti kuna treni ya bure kule ndani, tunaweza kuzunguka bila gari?

Jibu fupi ni kwamba ipo, na ni ya bure kweli. Hakuna tiketi ya treni, hakuna anayekuuliza umelala hoteli gani. Lakini haiendi kila mahali, na usipoijua vizuri itakula muda ambao umeshaulipia.

Na muda pale ni hela, jamani. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima imepita dola 100 zamani, na mtoto wa miaka 10 kwao ni mtu mzima. Baba, mama na watoto watatu wakubwa, siku moja tu, tayari umevuka dola 500 kabla hujanunua hata maji. Halafu eneo lenyewe si uwanja wa sabasaba. Ni kilomita za mraba kama 100 hivi: viwanja vinne vikubwa vya michezo, hoteli kibao, maziwa, misitu na barabara kuu zake. Kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni safari. Mtu anayedhani atatembea kwa miguu kutoka Magic Kingdom hadi Animal Kingdom, namwonea huruma.

Sasa basi, tuje kwenye treni yenyewe. Inapita juu ya boriti moja ya zege iliyobebwa na nguzo, haigusi barabara wala taa za magari. Njia ziko tatu na zote zinakutana sehemu moja inayoitwa Transportation and Ticket Center. Wenyeji wanaiita TTC, na mimi nitaiita hivyo hivyo. Hapo ndipo penye maegesho makubwa ya Magic Kingdom, na hapo ndipo wageni wengi wanashangaa, kwa sababu wakishaegesha gari wanakuta Magic Kingdom haipo! Iko ng'ambo ya ziwa, zaidi ya kilomita moja na nusu. Walipanga hivyo makusudi ili mtu aache gari nyuma na aingie kwenye ile dunia yao kwa treni au kwa pantoni.

Njia ya kwanza inaitwa Express. Inatoka TTC moja kwa moja hadi Magic Kingdom bila kusimama popote. Ya pili ni Resort, hiyo inasimama kwenye hoteli tatu za kando ya ziwa: Contemporary, Polynesian na Grand Floridian. Ya tatu inatoka TTC kwenda Epcot. Vibao vimeandikwa vizuri, ila foleni zake zinaanzia karibu karibu, kwa hiyo soma kibao kabla ya kupanda ngazi.

Hapa ndipo penye siri ambayo ingefaa iandikwe kwa herufi kubwa. Njia ya Resort inazunguka ziwa upande mmoja tu, kwa mwelekeo wa saa. Ukitoka Magic Kingdom kituo cha kwanza ni Contemporary, kisha TTC, kisha Polynesian, kisha Grand Floridian, ndipo unarudi Magic Kingdom. Maana yake nini? Aliyelala Contemporary akitaka kwenda Magic Kingdom kwa treni analazimika kuzunguka ziwa lote, vituo vyote, dakika 15 hadi 20 bila kuhesabu foleni. Na hoteli yake iko jirani kabisa! Kuna njia ya miguu, mwendo wa dakika 10. Yaani mtu analipa hela nyingi kulala hoteli ambayo treni inapita ndani yake, halafu busara inamwambia atembee.

Kwa aliyelala Grand Floridian mambo ni mazuri, Magic Kingdom ni kituo kinachofuata, na tangu 2020 kuna njia ya miguu pia. Aliyelala Polynesian akitaka kwenda Epcot asipande treni ya Resort hata kidogo. Itampeleka Grand Floridian, Magic Kingdom, Contemporary, ndipo imshushe TTC abadilishe. Atembee tu mpaka TTC, ni jirani yake.

Kwenda Epcot kutoka Magic Kingdom ni lazima kubadilisha treni TTC. Unashuka mteremko mmoja, unapanda mwingine. Weka saa nzima kwa safari hiyo ukiwa na watoto, maana kuna kusubiri mara mbili. Ila ile njia ya Epcot ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kufika kituoni treni inaingia ndani ya kiwanja chenyewe na kukizunguka kwa juu, unaona bustani na lile tufe kubwa jeupe la Spaceship Earth, urefu wake mita 55. Unaona Epcot bila kulipa senti. Angalizo moja: treni inakushusha lango la mbele. Epcot ina lango la nyuma pia, International Gateway, na kutoka lango moja hadi jingine unapita ndani ya kiwanja, maana yake lazima uwe na tiketi.

Tuliongelee hili neno "bure". Treni ni bure, maegesho ya TTC si bure. Mwaka 2024 gari dogo lilikuwa dola 30 kwa siku kwa mtu asiyelala kwenye hoteli zao. Ndiyo maana nawaambia ndugu zangu wenye muda: kuna mabasi ya umma ya Orlando, kampuni inaitwa Lynx, nauli dola 2. Link 50 inatoka katikati ya mji wa Orlando, Link 56 inatoka Kissimmee, na yote yanaishia TTC. Ni mwendo mrefu, vituo vingi, na utakaa na wafanyakazi wanaokwenda zamu, lakini ukifika umefika mlangoni kwa treni. Angalia ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka, hasa kama unataka kukaa mpaka fataki za usiku.

Na msizoee sana vya bure. Kwa miaka mingi kulikuwa na basi la bure la kuwatoa wageni wa hoteli zao uwanja wa ndege, Disney's Magical Express. Lilianza 2005, na Januari 2022 likasimamishwa. Siku hizi unajilipia. Kule Japani, Tokyo Disney Resort wana monoreli yao tangu 2001, nzuri sana, lakini unanunua tiketi kama treni yoyote ya mjini. Kwa hiyo hii ya Florida kuwa bure ni uamuzi wa mwenye mali tu, imo ndani ya bei ya vingine.

Historia yake kidogo, kwa wanaopenda. Walt Disney aliweka monoreli ya kwanza kwenye Disneyland ya California mwaka 1959, kwa kushirikiana na kampuni ya Kijerumani ya Alweg. Yeye hakuiona kama mchezo wa watoto. Mwaka 1966 alitoa mpango wa kujenga mji halisi Florida, uitwao EPCOT, ambao watu wangeishi na kwenda kazini kwa monoreli, magari yakipita chini ya ardhi. Akafariki Desemba mwaka huo huo. Mji haukujengwa. Kilichobaki ni treni, iliyoanza Oktoba 1, 1971 siku Magic Kingdom ilipofunguliwa, na njia ya Epcot iliongezwa 1982 pale jina la ule mji lilipopewa kiwanja cha maonyesho. Mimi huwa nawaza hivi nikiwa mle ndani: usafiri uliobuniwa kwa ajili ya wafanyakazi umeishia kubeba watu walio likizo.

Boriti zote zikiunganishwa zina urefu wa kilomita kama 23. Upana wa boriti moja ni sentimita 66 tu! Treni inaikalia kwa matairi ya mpira juu, na mengine madogo yanaibana ubavuni, ndiyo maana haina kelele za chuma. Umeme inauchukua kwenye reli iliyofungwa ubavuni mwa boriti. Treni moja ina mabehewa sita, inabeba watu 360, wengi wao wamesimama. Treni hizi za aina ya Mark VI zilianza kuingia 1989 na ndizo zinazofanya kazi mpaka leo, kwa hiyo usitegemee upya wa dirisha. Spidi yake ya juu ni kilomita 64 kwa saa. Ukikuta imesimama katikati ya nguzo usipaniki, mara nyingi inasubiri ya mbele iondoke kituoni. Radi zikizidi, na Florida radi za mchana wa kiangazi si mchezo, safari hupungua au husimama, na pantoni nazo husimama vilevile. Hapo kuna mabasi.

Usalama je? Niseme wazi kwa sababu watu huuliza. Juni 1985 treni ya zamani iliungua moto ikitoka Epcot, abiria wakavunja madirisha na kupanda juu ya paa mpaka wakaokolewa, hakufa mtu. Treni zilizofuata zikawekewa njia za dharura. Kubwa zaidi ni ya Julai 5, 2009, saa nane usiku. Treni moja ilikuwa inarudishwa nyuma ili ihamie njia nyingine. Boriti ya kuhamishia haikuwa imegeuzwa, na hakuna aliyehakikisha kabla ya kumruhusu dereva arudi. Ikarudi kinyumenyume kwenye njia ile ile na kuigonga treni iliyokuwa kituoni TTC. Dereva wa hiyo treni iliyogongwa, kijana wa miaka 21, alifariki. Ndiyo ajali pekee ya treni hiyo iliyoua mtu kazini tangu hizi Mark VI zianze. Zamani ungeweza kuomba ukae mbele na dereva, watoto walipenda sana. Tangu ajali hiyo ilifutwa, na naona ni sawa.

Kwa wenye wazee: vituo vina miteremko, na hotelini kuna lifti. Kiti cha magurudumu kinaingia bila kukunjwa, mfanyakazi anaweka daraja dogo mlangoni. Vigari vya watoto navyo vinaingia hivyo hivyo. Mimi nilimpeleka mama mkwe, magoti yanamsumbua, na kwa mtu kama yeye Resort ni siku nzima ya raha bila tiketi yoyote ya kiwanja. Tulishuka Contemporary tukaangalia treni zikipita ndani ya ukumbi wa hoteli, ghorofa ya nne, watu wanakula chini yake. Tukaenda Polynesian tukakaa ufukweni, jumba la Cinderella linaonekana ng'ambo. Aliniuliza kama wenye hoteli hawatatufukuza. Hawafukuzi mtu, mradi upite ukaguzi wa mabegi.

Usiku ndio mtihani. Fataki zikiisha watu maelfu wanatoka Magic Kingdom kwa mpigo na wote wanakimbilia Express. Angalia foleni ya pantoni kwanza, maana pantoni moja inabeba watu 600, na mara nyingi inakufikisha TTC mapema kuliko treni. Au kaa tu ndani dakika 40, wanunuzi wamalize maduka, foleni itapungua yenyewe. Treni huendelea kama saa moja baada ya kiwanja kufungwa.

Sasa yale ambayo treni haifiki. Hollywood Studios haifiki, kule nenda kwa basi, au kwa viberenge vya kamba vya Skyliner vilivyoanza Septemba 2019, navyo bure, lakini vinatokea lile lango la nyuma la Epcot nililolitaja. Na Animal Kingdom haifiki kitu isipokuwa basi.

Hii ya Animal Kingdom inaniuma kidogo, maana ndiko kwetu! Humo kuna kijiji kinaitwa Harambe, walikibuni kama mji wa pwani ya Afrika Mashariki na Lamu ndiyo iliyowapa mawazo, vibao vya Kiswahili ukutani, na gari la safari linaitwa Kilimanjaro Safaris. Hoteli yake jirani ina majengo yanaitwa Jambo House na Kidani Village, mgahawa wa Jiko, mwingine Sanaa, mwingine Boma, na moja ya mbuga zinazozunguka vyumba inaitwa Arusha. Twiga wanakula majani chini ya dirisha. Ukiwa TTC uliza basi la Animal Kingdom, lipo la moja kwa moja. Ukitaka hotelini, panda basi la Animal Kingdom Lodge kutoka Magic Kingdom. Nenda asubuhi mapema, wanyama bado wanatembea na kile kiwanja hufungwa mapema kuliko vingine.