Maji ya Katuma: Kuchemsha pekee hakutoshi

Ukimleta zahanati mtoto anayeharisha, nitakuuliza: mnachota maji wapi? Kwa familia nyingi za Katavi zisizofikiwa na bomba, jibu ni mto, kijito au kisima kifupi.

Mto Katuma hushuka kutoka milima ya Mpanda, hupita kwenye mashamba ya mpunga, huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kujaza Ziwa Katavi na Ziwa Chada. Kisha maji huendelea kwa Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Njiani mto huo hulisha watu, hunywesha mifugo na kutunza viboko.

Misitu ya milimani ndiyo tangi lake. Mizizi huyasaidia maji ya mvua kuzama ardhini, nayo hutoka taratibu kiangazi. Miti ikikatwa, masika maji hutiririka kwa kasi na kuzoa matope na vinyesi. Kiangazi mto hukatika, hasa maji yanapochepushwa kwa wingi mashambani, na viboko hurundikana kwenye tope. Binadamu na mifugo nao hugombea dimbwi moja. Hapo ndipo homa ya matumbo, kuhara na kipindupindu hupata nafasi. Maji yaliyotuama pia hufuga konokono wa kichocho.

Vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo hufa maji yakichemka. Zebaki haifi. Wachenjuaji wa dhahabu huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake hudhuru mapafu, figo na ubongo. Ikiingia mtoni, bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya ndani ya samaki. Mji wa Minamata, Japani, ulijifunza hilo kwa uchungu kuanzia 1956, pale zebaki ya kiwandani ilipopitia kwa samaki na kulemaza watu wazima na watoto waliokuwa bado tumboni. Sufuria yako haiwezi kuondoa sumu hiyo. Kinga yake iko huko juu ya mto.

Kwa hiyo, fanya haya:

- Chemsha maji ya kunywa, au yatie dawa ya klorini.
- Jenga choo mbali na mto na kisima, na ukitumie.
- Usichomee zebaki jikoni, wala karibu na mjamzito au watoto. Usioshee dhahabu mtoni.
- Usilime wala kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza.
- Ukikojoa damu, nenda kituo cha afya. Kichocho kina tiba.

Kwenye mkutano wa kijiji, mjadala wa msitu usiuachie bwana misitu peke yake. Aliyeko Mpimbwe, kule chini, hana namna ya kuurudisha mti uliokatwa Mpanda, lakini mtoto wake ndiye atakayeyanywa maji hayo.