ALMASI NA SOMO LA MPANDA

Almasi ni jiwe ambalo jina lake hutajwa na wengi na sura yake huonwa na wachache. Neno lenyewe tumelipokea kutoka kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, ambao kwao maana yake ilikuwa ni kitu kisichoshindika. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kujiuliza jiwe hili ni nini hasa, na thamani yake inatoka wapi? Swali hilo si la masonara peke yao. Linawahusu pia wananchi na viongozi wa nchi yenye madini mengi kama yetu, na jibu lake tutaliona vizuri tukitazama yaliyotokea Mpanda, mji ambao haukupata kuchimba almasi.

Kwa asili yake almasi ni kaboni tupu, yaani ni ndugu wa makaa na masizi ya chungu. Mwaka 1797 mtaalamu Mwingereza, Smithson Tennant, aliichoma almasi na kuthibitisha kwamba hewa iliyotoka ni ile ile itokayo kwenye makaa. Tofauti imeletwa na mahali pa kuzaliwa. Almasi hufanyika chini sana ardhini, kiasi cha kilomita 150 na zaidi, kwenye joto kali na mgandamizo usio na kifani, kisha hupandishwa juu na milipuko ya volkano. Mwamba unaoibeba huitwa kimbalaiti, kwa jina la mji wa Kimberley wa Afrika Kusini. Kule Mwadui, mkoani Shinyanga, mlipuko wa namna hiyo ulitokea miaka kama milioni 50 iliyopita, ukaacha eneo la hekta 146 lenye mwamba huo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Shinyanga ilijaliwa almasi na Katavi ikanyimwa. Mwaka 1966 mwanajiolojia Clifford alieleza kwamba kimbalaiti zenye almasi za kuchimbika hupatikana mahali penye miamba ya kale kabisa, iliyotulia kwa muda mrefu sana. Shinyanga imekalia mwamba wa aina hiyo. Mpanda iko ukingoni mwake, kwenye ukanda wa Ubende, ambao ulikunjwa na kupashwa moto baadaye. Kukunjwa huko ndiko kulikoipa Mpanda risasi, shaba, fedha na dhahabu. Kila nchi ina fungu lake.

Kwa karne nyingi almasi za dunia zilitoka India. Baada ya mwaka 1720 hivi Brazil ikashika nafasi, na tangu miaka ya 1870 Afrika Kusini ikazipita zote. Hapa kwetu, Dk. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliigundua Mwadui mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta kwa shida. Alipofariki mwaka 1958 mgodi ulinunuliwa na kampuni ya De Beers pamoja na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.

Sasa tuje kwenye thamani. Almasi hupimwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Mwaka 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, ambalo Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Lilipokwisha kukatwa na kusuguliwa huko London zilibaki karati 23.6 tu. Zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa imekwenda, na hata hivyo ni jiwe hilo lililokatwa ndilo lililopata sifa duniani kote. Ni dhahiri basi kwamba sehemu kubwa ya thamani huongezwa na mkono wa fundi, jicho la mthamini na ulimi wa muuzaji, baada ya jiwe kuondoka shimoni.

Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kwamba gunia lake likishavuka bahari hupata bei asiyoipata yeye, na anajua pia kwamba makonyo, ambayo mtu asiyejua angeyatupa, hukamuliwa mafuta kiwandani Pemba na kuwa mali. Tena visiwa vyetu vina historia na nchi ile ya magharibi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilipita Ukonongo kwenda Ziwa Tanganyika, na pembe za ndovu zikashushwa hadi Unguja, zikavushwa ng'ambo kuchongwa. Waliobaki na faida kubwa hawakuwa wenye nchi zilikotoka pembe hizo.

Historia hiyo ilikaribia kurudiwa Mpanda. Kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira, serikali ya kikoloni ilijenga reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, ikafunguliwa mwaka 1950. Miaka kumi baadaye, mwaka 1960, mgodi ukafungwa. Risasi ilikuwa imekwenda Ulaya, na mashimo yamebaki. Lakini reli haikung'olewa. Iliendelea kubeba mahindi, tumbaku na abiria, na mji uliozaliwa na mgodi ukauzidi mgodi umri, hata mwaka 2012 ukawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi. Mgodi ulidumu miaka kumi, na reli imepita miaka sabini.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Faida ya kweli ya madini kwa wananchi ni kile kitakachobaki siku madini yatakapokwisha. Nayo hayabaki kwa bahati, bali kwa kupangwa. Wakoloni waliiweka reli kwa ajili ya risasi yao, na wananchi wakaipata kama masazo. Serikali yetu haina udhuru wa kuwaachia wananchi masazo.

Sheria zilizopitishwa na Bunge mwaka 2017 ziliipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika makampuni makubwa ya uchimbaji, zikataka madini yaongezwe thamani humu nchini. Mwaka huo huo shehena ya almasi za Mwadui ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Thamani iliyoandikwa ilikuwa dola milioni 14.8, na wataalamu wa Serikali wakakadiria milioni 29.5. Kampuni ilikana kosa, ikasema kwamba hesabu ile ilifanywa na wathamini wa Serikali yenyewe. Aliyesema kweli na awe yeyote, mambo hayo yalionyesha wazi upungufu wetu: tulikuwa na jiwe, na hatukuwa na hakika ya bei yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo wanaohusika hawana budi kutazama mbali kuliko mrabaha. Tuliwahi kuwa na kiwanda cha kukata almasi mjini Iringa, na kikafa. Mafundi wa namna hiyo hawana budi kufundishwa upya. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Mpanda asaidiwe kujua usafi wa dhahabu yake kabla hajafika sokoni. Na fedha zinazoingia katika halmashauri zigeuzwe kuwa shule, maji na barabara za kwenda bandari ya Karema, zitakazotumiwa na wajukuu ambao hawatayaona madini hayo.