Msisimko, Pengo na Kosa: Lugha ya Ufafanuzi katika Mafunzo ya Ukokotoaji wa Mifumo ya Kwanta, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya Kiswahili katika kuwaandaa watafiti wa mbinu za kikokotozi zinazochunguza hali za msisimko za mifumo ya kwanta. Mfano unaotumika ni kusini-magharibi mwa Uganda, ambako makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara yanawaweka karibu wasomi waliofunzwa kwa Kiingereza na wengine waliofunzwa kwa Kifaransa. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa mafunzo haya haumo katika kuendesha programu ya kompyuta, bali katika kueleza kwa nini jibu lililotolewa na programu linaaminika au haliaminiki. Kazi hiyo hufanyika kwa mazungumzo, na kwa hiyo uchaguzi wa lugha ya mazungumzo ni suala la kisera. Makala yanachambua istilahi tatu, yanapima uwezo na mipaka ya Kiswahili katika eneo hilo, na kutoa mapendekezo.

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale, yaliyoko Wilaya ya Isingiro, yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Hivi leo yanakaliwa na watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na idadi yao inazidi laki moja. Mji mkubwa ulio jirani ni Mbarara, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989 na kinachofundisha kwa Kiingereza.

Katika makazi kama haya, taa nyingi za usiku hutegemea paneli za jua, na paneli nyingi za jua hutengenezwa kwa silikoni. Paneli hufanya kazi kwa sababu mwanga wa jua huzitoa elektroni za silikoni katika hali moja ya nishati na kuzipandisha katika hali nyingine. Fizikia ya tukio hilo ndiyo fizikia ya hali za msisimko. Kwa hiyo taaluma inayojadiliwa hapa si ngeni kwa mazingira ya Nakivale, kwani matunda yake yako juu ya mapaa. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha kwenye taaluma hiyo mtu anayeishi chini ya paa hilo.

2.0 Hali za Msisimko na Ugumu wa Kuzikokotoa

Katika mfumo wa kwanta, kama vile atomu au molekuli, nishati ya elektroni zilizofungwa humo haichukui thamani yoyote ile, bali hukaa katika ngazi maalumu. Elektroni ya haidrojeni katika ngazi ya chini kabisa ina nishati ya elektroni-volti -13.6, katika ngazi inayofuata ina -3.4. Ili kuipandisha, inahitajika fotoni yenye nishati ya elektroni-volti 10.2, ambayo ndiyo tofauti ya ngazi hizo mbili. Ngazi ya chini kabisa huitwa hapa hali ya msingi, na zote zilizo juu yake ni hali za msisimko.

Kwa haidrojeni, hesabu hii hufanyika kwa kalamu na karatasi. Mfumo unapokuwa na elektroni nyingi zinazosukumana, hesabu kamili haiwezekani na mtafiti hulazimika kutumia makadirio. Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba sifa za hali ya msingi zinaweza kupatikana kutokana na densiti ya elektroni peke yake, na mwaka 1965 Kohn na Lu Jeu Sham waliigeuza nadharia hiyo kuwa njia ya kukokotoa. Kohn alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998 kwa mchango huo.

Hata hivyo, njia ya Kohn na Sham ilikusudiwa hali ya msingi. Ikitumiwa kwa makadirio yake mepesi ili kukokotoa pengo la nishati la silikoni, hutoa takriban nusu ya thamani inayopimwa maabara, ambayo ni karibu elektroni-volti 1.1. Ili kurekebisha upungufu huo, mtafiti hugeukia mbinu nyingine. Lars Hedin alitoa mojawapo mwaka 1965, na Erich Runge na Eberhard Gross wakapanua nadharia ya densiti mwaka 1984 ili ihusishe mabadiliko yanayotokea kadiri wakati unavyopita.

Mbinu hizo zina gharama. Katika ukokotoaji wa kawaida, kuongeza maradufu idadi ya atomu huongeza kazi ya kompyuta takriban mara 8 kwa nadharia ya densiti ya hali ya msingi, lakini takriban mara 16 kwa mbinu itokanayo na kazi ya Hedin. Programu zenyewe si kikwazo: Quantum ESPRESSO na Yambo ni programu huria zisizolipiwa, na kompyuta ya kawaida ya mkononi inatosha kwa mazoezi ya mwanzo ya silikoni. Kinachoadimika ni umeme wa uhakika, kompyuta zenye nguvu kwa hatua za juu, na zaidi ya yote mtu wa kuuliza.

3.0 Mafunzo kama Mazungumzo

Afrika Mashariki ina uzoefu wa mafunzo ya aina hii. Shule ya Afrika ya Mbinu za Muundo wa Elektroni na Matumizi Yake, inayofahamika kwa kifupi ASESMA, ilifanyika Cape Town mwaka 2010 na Eldoret, Kenya, mwaka 2012. Shule hiyo imekuwa ikishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia cha Trieste, kilichoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964. Mwaka 2018 kituo hicho kilipata taasisi mwenza mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda.

Jambo la kujifunza kutoka ASESMA ni mtindo wake: pamoja na mihadhara, washiriki hugawanywa katika vikundi vidogo na kufanya miradi chini ya walezi wa kitaaluma. Mtindo huu unakiri kwamba amri za programu zinaweza kusomwa kitabuni, ilhali uamuzi wa kitaaluma hujengwa kwa maswali na majibu. Mwanafunzi anapopata pengo la elektroni-volti 0.5 kwa silikoni, mlezi hamwambii tu kwamba amekosea. Humuuliza: umeingiza nini, umetumia nukta ngapi, na nadharia uliyoichagua ina uwezo wa kujibu swali hilo? Anayeshindwa kuyafuata maswali hayo kwa sababu ya lugha atarudi nyumbani akijua kubonyeza vitufe tu.

4.0 Istilahi Tatu

Kiswahili hakianzi sifuri katika fizikia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na maneno kama atomu, elektroni na nishati yamezoeleka shuleni nchini Tanzania. Changamoto iliyopo ni kuyapima maneno ya taaluma hii kwa namna mwanafunzi anavyoyasikia.

Neno la kwanza ni msisimko. Mwili husisimka kwa baridi na moyo husisimka kwa habari, kisha hutulia. Picha hiyo inafaa kwa kiasi kikubwa: mfumo hupokea kitu kutoka nje na baadaye hurudi chini. Lakini msisimko pia huleta taswira ya mtikisiko, ilhali hali ya msisimko katika nadharia ni hali yenye nishati yake mahususi, iliyo thabiti kama ngazi nyingine yoyote endapo mfumo haujaguswa na kitu cha nje. Mlezi akitumia neno hili, sharti aongeze kitenzi kupanda: elektroni imepanda ngazi, haitetemeki ngazini.

Neno la pili ni pengo. Maana yake ya karibu ni nafasi iliyoachwa wazi na kitu kilichokuwapo, kama jino lililong'oka. Katika silikoni kuna vitu viwili vinavyoweza kudai jina hilo. Cha kwanza ni masafa ya nishati yasiyo na ngazi kabisa, ambamo hakuna kilichong'oka. Cha pili ni nafasi inayoachwa na elektroni iliyopanda, ambayo ndiyo hasa inayofanana na jino lililotoka. Iwapo neno pengo litatumika kwa vyote viwili, mwanafunzi hataelewa eksitoni, yaani elektroni iliyopanda na nafasi iliyoiacha zikiwa zinavutana. Pendekezo ni kuhifadhi pengo kwa masafa ya nishati, kwa kuwa Kiswahili tayari huzungumzia pengo la mapato kati ya matajiri na maskini, na kutumia tundu kwa nafasi iliyoachwa na elektroni.

Neno la tatu ni kosa. Jibu lisilolingana na kipimo cha maabara linaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya vitatu: mtumiaji ameingiza taarifa zisizo sahihi, hesabu imesimamishwa kabla ya namba kutulia, au nadharia yenyewe haina uwezo wa kutoa jibu hilo. Chanzo cha kwanza ni kosa, cha pili ni upungufu wa usahihi, na cha tatu ni ukomo wa nadharia. Kuviita vyote kosa ni kumtia mwanafunzi hatiani kwa jambo ambalo Kohn mwenyewe asingeweza kulikwepa kwa njia hiyo. Utofautishaji huu ndio kiini cha ukomavu wa mtafiti, na Kiswahili kina maneno ya kuubeba.

5.0 Kiswahili Nakivale na Mbarara

Mkimbizi aliyehitimu fizikia au kemia mashariki mwa Kongo amesoma kwa Kifaransa. Mhitimu wa Mbarara amesoma kwa Kiingereza. Wakikutana, lugha ambayo kila mmoja anaweza angalau kuisogelea mara nyingi ni Kiswahili. Hata hivyo, uwezo huo usitiwe chumvi. Kiswahili cha Bukavu na Goma hutofautiana na Kiswahili sanifu, na wazungumzaji wake huchukua namba na maneno mengi ya kitaaluma kutoka Kifaransa. Wakazi wa Mbarara huzungumza zaidi Kinyankole na Kiingereza, na nchini Uganda Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu kumbukumbu chungu za matumizi yake jeshini. Wakimbizi wengi wa Kisomali hufika Nakivale bila kukifahamu.

Kwa upande wa sera, mlango uko wazi kuliko zamani. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walielekeza utekelezaji wa Kiswahili na Kifaransa kama lugha rasmi za Jumuiya, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha ufundishaji wa lazima wa Kiswahili shuleni. Maamuzi haya hutajwa mara nyingi katika muktadha wa biashara na usalama, na mara chache katika muktadha wa maabara.

Kikwazo kingine si cha lugha pekee. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika Ibara ya 22, unagusa utambuzi wa vyeti vya kigeni, lakini mtu aliyekimbia vita huweza kufika bila cheti chochote. Aidha, taasisi ya Kigali iko karibu kwa barabara, lakini kwa mkimbizi kutoka Rwanda safari ya kurudi nchini mwake yaweza kuhatarisha hadhi yake ya ukimbizi. Anachokihitaji kiko jirani, naye hawezi kukifikia. Hali hiyo inaipa Mbarara wajibu ambao hauwezi kuhamishiwa kwingine.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, warsha za mbinu hizi zifanyike Mbarara kwa mgawanyo wa lugha ulio wazi: msimbo wa programu na uandishi wa makala za kimataifa kwa Kiingereza, mijadala ya vikundi na ufafanuzi wa matokeo kwa Kiswahili, Kifaransa kitumike pale istilahi inapohitaji kuunganishwa na elimu ya awali ya mshiriki. Wasiojua Kiswahili wapangiwe vikundi vyenye lugha wanayoimudu.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na wanafizikia kuandaa orodha fupi ya istilahi kwa lugha hizo tatu, na orodha hiyo ijaribiwe darasani kabla ya kusanifishwa.

Tatu, waombaji wasio na vyeti wapimwe kwa zoezi la vitendo na mahojiano, ili kukosa karatasi kusichukuliwe kuwa ni kukosa maarifa.

Nne, bajeti itenge fedha za umeme, usafiri kutoka Nakivale na muda wa walezi kabla ya fedha za mitambo mikubwa.

7.0 Hitimisho

Kiswahili hakitapunguza ugumu wa milinganyo ya kwanta, wala hakipaswi kuahidiwa hivyo. Kinachoweza kufanya ni kumwezesha mtu mwenye nusu ya elimu hiyo kichwani kuuliza swali litakalompatia nusu iliyobaki. Sera inayoiachia lugha ya ufafanuzi ijipange yenyewe inaamua kimyakimya nani atauliza na nani atanyamaza.