Anahamia Geita, shamba linabaki Samuye

Kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Geita ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012, na mwaka 2022 ulikuwa umefikisha watu 2,977,608. Hilo ni ongezeko la asilimia 71, wakati ongezeko la nchi nzima lilikuwa takriban asilimia 37. Wapo wanaozaliwa, lakini wahamiaji ni wengi, na wafanyabiashara wengi wamehitimisha kuwa soko nalo limehamia kwenye dhahabu. Hiyo ni nusu ya habari.

Chukua kaya ya mkulima wa pamba na mahindi huko Samuye, Shinyanga. Kaya hiyo haifungi mizigo siku moja ikaondoka. Hutangulia kijana, au baba mwenyewe, mara nyingi baada ya mavuno, akaelekea Nyarugusu, Rwamgasa au popote penye rashi mpya. Duarani hapewi mshahara. Hulishwa, na mawe yenye dhahabu yakipatikana hugawiwa viroba kwa makubaliano. Yasipopatikana, miezi imekwenda bure. Kwa kipato cha namna hiyo ni wachache wanaothubutu kuuza shamba. Mke hubaki analima, na mahindi ya Samuye ndiyo bima ya duara la Nyarugusu.

Mambo yakikaa sawa hupangwa chumba. Mke hufuata, pengine akafungua genge au akauza chakula kwa wachimbaji. Watoto huja mwisho, hasa mwezi Januari shule zinapofunguliwa, na wengine hubaki kwa bibi yao hadi wamalize darasa la saba. Safari hiyo yaweza kuchukua miaka kadhaa, na wapo wanaoishia njiani.

Kwa hiyo mchimbaji mmoja ni mteja wa masoko mawili. Katoro hununua unga, mafuta ya kula, viatu vya mpira na vocha. Akipata fedha za maana huzirudisha nyumbani, kazi ambayo imekuwa nyepesi tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Huko zinageuka mabati, saruji na ng'ombe wa mnadani. Muuza mabati wa Shinyanga asiyefuatilia habari za maduara ya Geita anafanya biashara gizani.

Wachina nao wanaijua familia ya namna hii, ila kwao sheria imechangia. Mfumo wa kuandikisha kaya uliowekwa mwaka 1958 uliwanyima watu wa vijijini huduma nyingi za mijini, zikiwemo shule, hivyo wazazi wengi waliwaacha watoto kijijini. Sensa yao ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 376 wanaoishi mbali na mahali walipoandikishwa. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo. Kinachoitenganisha familia ni kipato kisichotabirika.

Mwekezaji mdogo anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha alitazame hilo kabla ya bei ya kiwanja. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021, na huo ulikuwa mgodi mkubwa wenye mishahara. Rashi yaweza kwisha kwa msimu mmoja. Uliza wapangaji wa mtaa huo watoto wao wanasoma wapi. Ikiwa wengi wako bado Samuye, baba atakifunga chumba mvua za kwanza zikinyesha.