Siku ya posho, maneti mbili
Huku kwetu Kolwezi, samedi ni siku ya posho. Jina lilibaki tangu wakati wa Union Minière, wazee walipokuwa wanapokea posho ya unga. Sisi wanne wa ekipi moja tunakutana Manika kucheza FIFA. Shemeji anapika bukari na sombe; ndakala na makala tunaleta wenyewe, tusimchokeshe bure. Maneti ni mbili tu: ukifungwa unatoka, unaenda kupepea mbabula. Kuran ikikatika, tunawasha buji, tunakula kwanza.

Mwenzetu wa posti ya usiku anacheza wa kwanza, na pombe hapana. Siku moja alichelewa kazi kwa sababu alikuwa anaongoza 3-1. Tulienda naye kumuomba shefu msamaha. Sasa saa mbili tunazima tele, hata mechi haijaisha.