Je, Wajua? Lita 4 za Dawa Zisizobaki Mwilini

Kabla ya kupigwa kamera ya utumbo mpana, mgonjwa anaweza kupewa lita 4 za poliethilini glikoli, dawa ya kusafisha utumbo. Hiyo ni moja ya tano ya dumu la lita 20! Karibu yote hupita bila kufyonzwa. Chumvi zake zimepimwa ili mwili usipoteze maji.

Dawa nyingine, sodiamu fosfeti, huja kwenye kichupa kidogo, nayo inavutia kwa hilo. Lakini huvuta maji ya mwilini. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa inaweza kuumiza figo. Mzee mwenye presha asiiguse bila daktari.

Manitoli, nayo ya kusafisha utumbo, ni alkoholi ya sukari. Bakteria wa utumbo huichachua, ikatoa haidrojeni, na cheche ya kifaa cha kukatia uvimbe imewahi kulipua utumbo wa mtu. Ndiyo, kulipua.

Zile lita 4 zikigawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri, husafisha vizuri zaidi. Juisi ya rozela iache: wekundu wake hufanana na damu. Mapera nayo, kwa siku kadhaa; mbegu zake hung'ang'ania. Choo kikitoka majimaji ya njano, maangavu kama mkojo, uko tayari.