Timu ya Chuo Inayojilipia Yenyewe

Mpira wa magongo huenda umeuona, au umeusikia redioni. Watu kumi na mmoja kila upande, kila mmoja na gongo lake lililopinda mwishoni, wanagombea mpira mdogo mgumu. Sasa chukua mchezo huo, ondoa majani, weka barafu. Wavalishe wachezaji viatu vyenye chuma chembamba chini, chuma kilichonolewa kama kisu. Badala ya mpira, weka kisahani cheusi cha raba ngumu, unene sentimita mbili na nusu, upana kama sentimita saba na nusu. Kisahani hicho hakidundi. Kinateleza, tena kwa kasi ya kuvunja meno.

Huo ndio mpira wa magongo wa barafuni. Kila upande una watu sita, pamoja na golikipa. Wanacheza vipindi vitatu, kila kimoja dakika 20. Mbio zake zinachosha mno, kwa hiyo mchezaji hukaa uwanjani kama dakika moja tu, halafu anatoka na mwenzake anaingia. Mchezo hausimami wakati wanabadilishana.

Leo tunataka kueleza habari ya timu za mchezo huu katika vyuo vikuu vya Marekani. Hasa zile zinazoitwa klabu, maana hizo zina mambo ya kushangaza kidogo. Vijana wa kiume wanavaa jezi yenye jina la chuo kikuu, wanasafiri kucheza na vyuo vingine, lakini pesa wanatoa wao wenyewe.

Pesa za nini? Kwanza, za barafu.

Usidhani wanacheza kwenye ziwa lililoganda. Zamani ilikuwa hivyo, na watoto wa sehemu za baridi bado hufanya hivyo. Lakini mechi za vyuo huchezwa ndani ya jengo. Chini kuna sakafu ya zege. Ndani ya zege yamelazwa mabomba mengi sana, na ndani ya mabomba yanapita maji ya chumvi yaliyopozwa na mashine. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Kwa hiyo yanaweza kuwa baridi kuliko barafu yenyewe na bado yakapita kwenye bomba. Sakafu ikishakuwa baridi, wanamwaga maji juu yake kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu inafika kama sentimita tatu. Ni friji tu, kama ile ya dukani inayogandisha barafu za watoto, ila hii ina urefu wa mita 60 na upana wa mita 26.

Friji ya namna hiyo haihitaji nchi ya baridi. Nairobi palifunguliwa kiwanja cha barafu mwaka 2005, ndani ya hoteli ya Panari. Ni kidogo kuliko viwanja vya mashindano, lakini vijana walijifunza hapo, wakaunda timu inayoitwa Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huu.

Basi, mashine inakula umeme usiku na mchana. Viatu vinaikwangua barafu, kwa hiyo kila baada ya kipindi inapita gari ya kuiparura na kuimwagia maji mapya. Gari hiyo aliitengeneza Frank Zamboni huko California mwaka 1949, na mpaka leo watu wanaiita kwa jina lake. Gharama zote hizo analipishwa anayetumia kiwanja. Barafu inauzwa kwa saa. Mahali pengi Marekani saa moja inazidi dola 200.

Sasa turudi kwenye vyuo. Huko kuna timu za aina mbili. Ya kwanza ni timu rasmi ya chuo. Chuo kinaajiri kocha, kinalipa usafiri, kinanunua vifaa, tena wachezaji wengi wanasomeshwa kwa sababu ya mchezo wao. Aina ya pili ni klabu. Chuo kinatoa jina na rangi zake, pengine na msaada mdogo. Mengine yote ni juu ya wanachama.

Mwanachama analipa ada kila mwaka. Katika klabu nyingi ada hiyo ni dola elfu moja, mbili, hata tatu na zaidi. Juu ya hapo ananunua kofia ngumu, glavu, kinga za kifua, za magoti na za mapaja, na viatu vyake. Magongo yanavunjika, anunue mengine. Ukiwa golikipa ndiyo balaa, maana vifaa vyako ni vikubwa na bei yake ni kubwa zaidi.

Katika klabu nyingi wanachama wanachagua mwenyekiti na mtunza fedha kutoka miongoni mwao. Huyo mtunza fedha ni mwanafunzi. Asubuhi ana mtihani wa hesabu, jioni anawakumbusha wenzake madeni ya ada, usiku anakwenda mazoezini. Ndiyo, usiku. Saa nzuri za jioni hukodiwa na wengine, kwa hiyo klabu nyingi hufanya mazoezi saa nne au saa tano za usiku. Kesho yake saa mbili asubuhi wako darasani.

Mtu atauliza, kwa nini chuo kisilipe tu? Sababu kubwa ni hiyo gharama. Sababu nyingine ni sheria ya Marekani ya mwaka 1972, inayokataza vyuo vinavyopata pesa za serikali kuwabagua wanawake, hata katika michezo. Chuo kikitaka kuongeza timu rasmi ya wanaume, lazima kijiulize wanawake wanapata nini. Wapo wanaume wanaoilaumu sheria hiyo, eti imewanyima timu. Mimi naona lawama hiyo si ya haki. Sheria haikukataza barafu ya wanaume. Ilikataza kuwapa wanaume peke yao. Na ukitafuta mahali pesa za michezo zinapokwenda, tazama kwanza timu za mpira wa Kimarekani, zenye wachezaji zaidi ya themanini kila moja.

Mwaka 1991 klabu hizo ziliunda chama chao, American Collegiate Hockey Association, kwa kifupi ACHA. Chama kinaweka kanuni, kinapanga madaraja na kuendesha mashindano ya taifa. Leo kina mamia ya timu, za wanaume na za wanawake.

Mfano wa klabu iliyofika mbali ni ile ya Pennsylvania State University, ambayo watu huita Penn State. Klabu yao ilianza mwaka 1971, ikaitwa Icers. Kiwanja chao kilikuwa kidogo, mashabiki elfu moja na mia kadhaa wakiingia kimejaa. Lakini walikuwa wakali. Walichukua taji la taifa la klabu mwaka 2000, wakalichukua 2001, wakalichukua 2002, wakalichukua tena 2003. Walikuwa mabingwa wa nchi nzima, na bado walikuwa klabu. Kwa miaka mingi waliomba wafanywe timu rasmi, wakaambiwa pesa hakuna.

Mwaka 2010 pesa zikaja. Bwana mmoja aitwaye Terry Pegula, aliyesoma chuo hicho na kuhitimu mwaka 1973, alikuwa ameuza kampuni yake ya gesi na mafuta kwa dola bilioni 4.7. Yeye na mkewe Kim wakatoa dola milioni 88, na baadaye wakaongeza zikapita milioni 100. Zilitosha kujenga jengo jipya lenye viwanja viwili vya barafu na kuanzisha timu rasmi mbili, ya wanaume na ya wanawake.

Kila mtu alishangilia. Lakini fikiri kidogo habari ya kijana aliyekuwa Icers mwaka ule. Timu rasmi haichukui watu kwa sababu wamelipa ada. Kocha mpya, Guy Gadowsky, aliajiriwa mwaka 2011, akaanza kuita vijana kutoka sehemu mbalimbali. Msimu wa 2011 hadi 2012 ukawa wa mwisho kwa Icers. Baadhi ya wachezaji wake waliingia timu mpya. Wengine walibaki nje, wakawa watazamaji wa kitu walichokipigania. Ni kama wanakijiji waliochanga miaka mingi kwa ajili ya mashine yao ya kusaga, halafu mfadhili akaleta kinu kikubwa chenye meneja wake. Unga ni mwingi zaidi, ndiyo. Lakini kikao cha wanachama hakipo tena.

Hata hivyo tusiisifu klabu kupita kiasi. Kwenye klabu anayekuzuia mlangoni ni ada. Kijana wa mfanyakazi wa kiwandani anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini kama baba yake hana dola elfu tatu za mchezo, anakaa nje. Kwenye timu rasmi kijana huyo huyo anaweza kusomeshwa. Kwa upande wake, yale mamilioni ya Pegula yanaweza kuwa mlango uliofunguka.

Jimbo la Arizona, ambako kuna jangwa, yalitokea mambo ya namna hiyo hiyo. Klabu ya Arizona State ilichukua taji la ACHA mwaka 2014. Mwaka huo huo ulitangazwa mchango wa zaidi ya dola milioni 32, na msimu uliofuata ikaanza kucheza na timu rasmi.

Penn State wenyewe walifika nusu fainali ya taifa ya timu rasmi kwa mara ya kwanza Aprili 2025, wakafungwa 3 kwa 1 na Boston University.

Na wale wapinzani wao wa zamani, Ohio University? Hao walikuwa mabingwa wa klabu mwaka 1995, 1996 na 1997, na mwaka 2004 ndio waliochukua taji baada ya Penn State kulishika miaka minne. Kwao hakuja tajiri wa kuwajengea jengo jipya. Timu yao ya wanaume bado ni klabu, bado wako ACHA, na bado wanacheza katika jengo lao la zamani lililo pale pale chuoni.